Sahani ya Zabloni

Hapana, sikucheka. Nilikohoa. Na kama uliona meno, basi ni haya mawili yaliyobaki, yalitoka nje kupunga upepo. Usinikodolee macho hivyo, Rehema. Najua unachotaka kuniuliza, umekibana mdomoni tangu tutoke makaburini: bibi, kwa nini umecheka kwenye mazishi ya rafiki yako, mbele ya watu wote wa Kibondo, mhubiri anahubiri? Nakujibu kabla hujauliza. Yule mhubiri amenitia kinyaa. Kijana mzuri, kiatu kimechongoka mbele kama mdomo wa korongo, kipaza sauti anakilamba kama muwa. "Wapendwaaa! Mwambie jirani yako, leo mbinguni kuna harusi! Mama yetu Marita, dakika hii ninavyoongea, amekumbatiwa na mumewe Zabloni! Ameeen? Mbona siisikii hiyo ameni?" Na watu, kama kuku waliomwagiwa mtama, ameni, ameni, ameni. Nikasema moyoni, we mtoto, nani kakwambia? Umempigia simu huyo Zabloni? Marita mwenyewe amelala na jambo hilo, ameamka nalo, amekwenda nalo kanisani kila Jumapili mpaka amezeeka, hakulifunga. Wewe umeshuka kwenye gari asubuhi, umelifunga kabla wali haujaiva. Ndipo nikakohoa.

Na huo wali uondoe hapa. Mafuta yameganda juu ya nyama kama nta, nani anakula? Niletee chai, isiwe na maziwa, utajua mbele kwa nini. Mwaka unaonirudia leo ni ule wa kwanza wa ndoa yangu. Habari za baba, mama na ng'ombe wa mahari tuziache, hazina ladha. Nilitolewa Kumsenga nikaletwa Kasulu, kwenye nyumba ya tofali mbichi yenye vyumba viwili vinavyotazamana, nyuma jiko la kushirikiana. Chumba kimoja mimi na babu yako, ambaye siku nyingi alikuwa njiani na lori la watu. Chumba cha pili Marita. Nyumba nzima ilinuka mihogo. Kwetu tuliloweka mtoni, mbali na pua za watu, lakini pale pipa lilikaa mlangoni, mihogo imeoza vizuri, ukiishika inateleza kama kamasi. Wiki ya kwanza nilikuwa natoka nje kutapika, babu yako akashangilia akidhani ni mimba. Marita ndiye aliyenifundisha kukaa na ile harufu. Alikuwa Mrundi, mkubwa kwangu kidogo, mrefu, sauti nzito ya polepole, na akicheka mdomo umefungwa, yanacheka mabega. Mchana analima, jioni anasuka vikapu, na mimi sina mtu, nikajikuta nakula kwake kila siku. Akisonga ugali anaukata mara tatu. Wake, wangu, na wa tatu anauweka kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu, anamwagia maharage na mawese kidogo, anafunika na kikapu chenye mfuniko, anaweka juu ya sanduku.

"Dada Marita, hiki cha nani?"

"Cha Zabloni. Mume wangu."

"Anakuja?"

"Simbizi." Ndiyo sijui, kwa lugha ya kwao.

"Sasa mbona unamwekea?"

"Akija atakuwa na njaa."

"Na asipokuja?"

"Utakula wewe asubuhi, mwana wanje. Tumbo lako halijawahi kukataa kitu." Mwana wanje, yaani mwanangu. Mabega yakacheka.

Na kweli nilikula. Mwaka mzima nimekunywa chai ya asubuhi kwa kiporo cha mwanaume ambaye hata sura yake siijui. Wakati wanakimbia kwao walikuwa wote wawili. Karibu na mpaka Zabloni akasema mama yake amebaki nyuma, mguu mbovu, anarudi kumbeba. "Tangulia na hao wenzako, nakuja." Akarudi. Basi. Hakuna aliyemwona anakuja, hakuna aliyemwona anazikwa. Habari zilikuwepo, tena nyingi, zilikuja hadi mlangoni zimevaa viatu. Alikuja mama mmoja muuza vitambaa: "Yooo, Marita! Nimemwona kwa macho yangu haya, sokoni ng'ambo, anauza chumvi, tena kanenepa!" Akaja mzee mmoja, sauti kama ya mlango usiopakwa mafuta: "Pole, mwanangu. Nilimwona anapandishwa gari, na gari lile halikurudi na mtu." Wote wameapa kwa Mungu yuleyule, na wote wakangoja ugali uive. Marita anawasikiliza, anawapa chakula, anawasindikiza hadi barabarani. Akirudi nauliza, dada, sasa je? "Simbizi." Mimi ile simbizi ilinikera, nikuambie ukweli. Dini niliyopewa mimi ilikuwa ni kujua. Tulifundishwa ubatizo kwa maswali na majibu, na mimi kusoma sijui, niliyashika yote kwa sikio, na sauti ya mwalimu juu yake, puani hivi: "Nani kakuumba?" Jibu. "Kwa nini kakuumba?" Jibu. Hakuna swali lililokuwa halina mwenzake, yalikaa mawili mawili kama viatu. Sasa huyu dada ana swali moja limekaa peke yake, miaka, na bado anasali, na bado analala usingizi. Nilikuwa naona kama mtu anayetembea na kiatu kimoja na hachechemei. Leo ndiyo naona kwamba wenye kuchechemea ni wale wa jozi.

Alhamisi mchana wanawake wote wa kanisa tulikuwa na ushirika nyumbani kwa mchungaji, Mchungaji Elifasi. Sebule ile naiona hivi. Makochi ya mbao, vitambaa vilivyofumwa juu ya kila kitu, hadi redio imevalishwa, dirisha halifunguliwi kwa sababu ya vumbi, na ndani watu wamejaa, jasho, sabuni ya kufulia, mafuta ya taa. Chai ya maziwa inapikwa asubuhi, sisi tunafika mchana, kwa hiyo juu imefanya utando mnene. Na mgeni wa heshima kila Alhamisi ni Mwinjilisti Yeremia, mjane wa kiume, mwanaume pekee kati yetu zaidi ya mchungaji. Mama yangu! Yule bwana alikuwa anaufuata ule utando kwa ulimi pembeni mwa kikombe, anaukunja, anauvuta, slurp, unaning'inia kidogo kidevuni, halafu anasema, "Bwana asifiwe sana tu, wapendwa." Toka siku hizo mimi na maziwa tumeachana. Na kulikuwa na Mama Mchungaji, mke wa Elifasi, mfupi, mnene, mkimya kama kinu, mwenye birika mkononi muda wote. Yeye hakuhubiri, hakutoa ushuhuda. Kazi yake ilikuwa pambio. Unajua ushuhuda ulivyo: unasimama, unasema nilikuwa na shida hii, nikaomba, Bwana akanijibu, unakaa. Ikiwa mtu amesimama, na shida bado iko palepale, anaanza, "Tuliomba, lakini mtoto mpaka leo hii..." Hapo mchungaji anakohoa, Mama Mchungaji anapandisha pambio, sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, sote tunapokea, makofi, vigelegele, na yule mtu aliyesimama anabaki mdomo wazi, anapiga makofi na yeye, anakaa. Uzuri ulioje! Ukisikia kwa nje ungesema wale wanawake Mungu hajawahi kuwanyima kitu.

Marita hakukatwa na pambio kwa sababu hakutoa ushuhuda. Aliomba tu, kila Alhamisi maneno yaleyale, kwa ile sauti ya polepole: "Mungu, mwangalie Zabloni popote alipo." Ikapita, ikapita. Alhamisi moja Yeremia akainua kidole chenye utando. "Mchungaji, samahani sana tu. Hiyo 'popote' inanisumbua roho. Maana popote ni pamoja na kaburini. Na sisi wafu hatuwaombei." Mchungaji akakunja uso. Alikuwa mtu wa sauti ya pipa, huyo, akisema "naam" kifua chako kinatetemeka. "Naam. Hoja. Marita, binti yangu, badala ya popote huwezi kusema mahali?" Marita akauliza, "Mahali gani, Mchungaji?" Kikohozi. Pambio.

Usidhani Yeremia aliumwa roho kwa ajili ya kaburi. Aliumwa kwingine. Siku chache baadaye alikuja nyumbani jua linashuka, amepaka mafuta ya nazi hadi masikioni, mimi niko jikoni napepeta maharage, nasikia kila kitu. "Dada Marita, kitanda cha mtu mmoja si mpango wa Mungu." "Mwinjilisti, nina mume." "Mume yupi? Wapendwa wote wanajua amelala katika Bwana." "Kama wanajua wangeniambia amelala wapi." Halafu nikasikia kikapu kinafunuliwa, yule mtu hana adabu, anafunua chakula cha watu! "Hii sahani ya nani?" Marita akamwambia. Basi Yeremia akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Unaterekera! Dada Marita, unawawekea wafu chakula! Mambo ya wazee wetu ya mizimu, ndani ya nyumba ya mtu aliyeokoka!" Marita akamjibu palepale, hakupandisha hata sauti. "Kama yuko hai, ni chakula chake cha jioni. Kama amekufa, ni chai ya asubuhi ya jirani yangu. Sijamwekea mzimu hata punje." Yeremia akatoka mbio, na mafuta yake, akakiacha kikapu wazi na nzi juu ya maharage. Yale maharage siku hiyo hata mimi nilishindwa. Nilimtupia mbwa.

Umeona walivyojifunga? Kama Zabloni ni mzima, sahani ni chakula tu, lakini Yeremia hapati mke. Kama Zabloni ni marehemu, Yeremia anapata mke, lakini mke mwenyewe ni mwabudu mizimu, lazima kwanza atubu. Kwa hiyo jambo la kanisa zima likawa ni kumuua Zabloni au kumfufua. Wanawake kisimani: "Mi nasema kafa." "Mi nasema hai, angekufa mwenzake angeota." Mchungaji akatoa amri: Alhamisi inayokuja Marita asimame mbele ya ushirika, aseme moja. Yuko hai, au amekufa. Akisema hai, kanisa linaamini pamoja naye. Akisema amekufa, atubu sahani, avue ndoa, aendelee na maisha. Akisema hilo neno lake la simbizi, atengwe. Kutengwa unakujua? Unakaa benchi la mlangoni na mbwa wanaopita, meza ya Bwana huisogelei, na hakuna mpendwa anayeruhusiwa kula na wewe. Na Marita nchi hii hakuwa na ndugu hata wa kumwomba chumvi zaidi ya wale wanawake. Nilimbembeleza. Dada, sema chochote. Sema hai, nani atakukamata? Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyejikojolea. "Nikisema hai, nikalala, na yeye kafa, nani atamlilia? Nikisema kafa, na yeye yuko njiani, nitakuwa nimemuua mimi. Mungu anajua alipo. Mimi namwuliza, hajaniambia. Sasa nimzushie Mungu neno, ili Yeremia apate wa kumfulia?"

Halafu nikasikia lile ambalo nilitamani nisilisikie. Asubuhi ya Alhamisi yenyewe nilikwenda kwa mchungaji kumenya viazi vya chai. Jiko lao limepakana na chumba cha maombi, ukuta wenyewe matete na udongo. Mama Mchungaji anachochea moto, mimi namenya, na kule ndani wanaume wawili wanaongea kwa sauti ya chini, lakini pipa hata likinong'ona ni pipa. "Yeremia, kati yangu na wewe. Una uhakika gani kama huyo mtu kafa?" "Uhakika, Mchungaji, hakuna. Lakini tukisema kafa kila kitu kinakaa sawa." "Naam," akasema mchungaji. "Kinakaa sawa." Rehema, nilishika kiazi na nusu ya kidole ikamenyeka. Si kwamba hawakujua, nani alijua? Kilichonichoma ni kuona kwamba hawakuuliza hata mara moja. Mtu amepotea, mama mwenye mguu mbovu amepotea, na wao wanapanga viti. Nikamtazama Mama Mchungaji. Alikuwa amesimama na ukuni mkononi, moto unaushika ukuni kutokea mbele unakuja kwake, hakuutupa mpaka ulipomfikia.

Basi ushirika wa Alhamisi ulikufa siku hiyohiyo, haukukaa tena kwenye ile sebule wala kwenye nyingine. Mchungaji alihamishiwa upande wa Muyama kabla ya mvua, Yeremia akapata mke mwingine, maskini huyo mama, na Marita hakutengwa. Alikaa benchi lake lilelile, popote yake ikabaki palepale. Nami polepole nikaanza kusema sijui kwenye maombi yangu, kwanza kwa aibu, kama mtu anayejifunza kuvaa nguo ya mtu mwingine, na sikuona paa la kanisa likianguka. Mungu sijamchoka, mjukuu wangu, niliowachoka ni wasemaji wake. Alipohamia Kibondo tulikuwa tunatembeleana, na sahani yenye ua jekundu nimeikuta kila mara juu ya sanduku. Juzijuzi tu hapa, Warundi walipojaa tena kambi ya Mtendeli, Marita mzee, goti limevimba, alikuwa anakwenda na ndizi zake kuuliza wageni. Nilimsindikiza mara moja. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye Kiswahili cha Kongo, "Mama, mie namuyua ule mzee, kabisa, alikuwa voisin yetu!" yaani jirani yao, huku mkono uko kwenye ndizi. Marita akampa ndizi, akasema asante. Njiani nikamwuliza, unamwamini? Mabega yakacheka. "Simbizi. Lakini alikuwa na njaa." Kambi ikafungwa, watu wakaondoka, na yeye hakusema kwamba Mungu amemnyima. Alisema bado wanaongea. Halafu leo kipaza sauti kinamwozesha upya! Nisikohoe?

Sasa turudi kwenye hiyo Alhamisi niliyoiruka. Sebule imejaa hadi mlangoni, dirisha limefungwa, chai na utando wake. Hakuna aliyekuja kwa maombi, wamekuja kama watu wanaokuja kuona nguruwe anachinjwa. Yeremia amekaa karibu na Biblia, amevaa koti. Mchungaji akasimama, akaita, "Marita, binti yangu. Mbele za Mungu na ushirika huu. Mume wako Zabloni yuko hai, au amekufa? Neno moja." Marita akasimama. Alikuwa mrefu, kichwa kilikaribia kugusa dari. Alitutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, mimi nikaangalia kidole changu kilichofungwa kitambaa. "Simbizi," akasema. Watu wakaguna. "Sijui, Mchungaji. Namwomba Mungu nikiwa sijui. Kama kwenye meza yake wanaruhusiwa wanaojua tu, niambie nitoke." Nikadhani amemaliza. Halafu akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Wewe unajua? Niambie basi yuko wapi, nimfuate."

Mchungaji akafungua mdomo. Ukabaki wazi. Akakohoa. Tukageuka wote kumtazama Mama Mchungaji, mikono tayari imeinuliwa kwa makofi. Hakuna kitu. Akakohoa tena, kwa nguvu, akamtazama mkewe kwa jicho la "vipi wewe". Mama Mchungaji akaweka birika chini, kwenye kitambaa, pole pole lisimwagike, akajifuta mkono ulioungua.

"Leo siimbi, Baba Naomi," akamwambia mumewe. "Miaka yote hii nilikuwa naimba ili watu wasisikie kwamba hujui."